XP, Windows 7, Windows 10 au Linux Mint: ipi iwekwe kwenye kompyuta ya mtumba?

Kompyuta ya mezani ya mtumba inayouzwa leo Kariakoo au katikati ya Nairobi mara nyingi ni Dell OptiPlex au HP Compaq iliyostaafishwa na ofisi fulani huko Ulaya au Marekani. Chuma chake bado kizima. Ubishi huanzia kwenye mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha mashine. Muuzaji kakupigia Windows 7 na hataki maswali. Jirani mwenye steshenari anaapa kwa XP yake, eti tangu aiwashe haijamsumbua. Fundi anataka akuwekee Windows 10, na hakosekani kijana wa kukushauri uachane na zote uweke Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft.

Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasemea kazi yake. XP ya jirani imetulia kwa sababu haina intaneti: inachapa, inatoa kopi, basi. Mwambie aiunganishe na mtandao amfungulie mteja WhatsApp Web, uone kama bado ataapa. Kwa hiyo sitapima ipi inaganda zaidi ikiwa imekaa peke yake mezani. Zote nne, zikiwekwa vizuri kwenye mashine isiyo na hitilafu, zinaweza kumaliza wiki bila kuanguka. Tofauti inaonekana umeme unapokatika, flashi ya mteja inapochomekwa, tovuti ya serikali inapogoma kufunguka, na printa inapokosa draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuelewana na kifaa. Hapo ndipo nitakapozilinganisha.

Zisizoingia kwenye mashindano

Windows 95, 98 na Me zibaki kwenye kumbukumbu. Zilikaa juu ya DOS, na programu moja ikiharibika iliweza kuangusha mashine nzima. Windows 95 na 98 zilikuwa na kasoro moja ya kuchekesha: saa ya ndani inayohesabu milisekunde ilijaa baada ya siku 49.7 hivi na mfumo ukaganda. Kasoro hiyo ilikaa miaka kabla ya kurekebishwa, na huhitaji kuwa mpelelezi kujua kwa nini. Nani aliiacha Windows 95 ikiwaka siku arobaini na tisa bila kuangushwa na jambo jingine kwanza?

Mambo yalibadilika pale Windows XP ilipotoka Oktoba 2001 na kuleta nyumbani kiini cha NT, ambacho Dave Cutler na wenzake aliotoka nao kampuni ya DEC walikuwa wamekijenga kwa ajili ya ofisi na seva. Tangu hapo programu ikifa hufa peke yake. Ukiona skrini ya bluu kwenye XP au matoleo yaliyofuata, shuku kwanza draiva, RAM au diski.

Vista ya 2007 ilizaliwa kabla madraiva hayajawa tayari. Ilitengemaa baadaye, lakini kwa wakati huo Windows 7 ilikuwa imeshaingia ikiwa na kila kilichokuwa kizuri ndani yake. Windows 8.1 ni imara kuliko sifa zake mbaya, ila msaada wake uliisha 10 Januari 2023, siku ileile yalipofungwa masasisho ya kulipia ya Windows 7. Ukiihamia leo hujapata kitu.

Kabla hujaulaumu mfumo

Fungua kava. Kama mashine ni ya miaka ya 2003 hadi 2005, hasa OptiPlex GX270 au GX280, tazama kapasita zilizo karibu na prosesa. Zile za miaka hiyo nyingi zilikuwa na kemikali mbovu, na Dell ilibidi ibadilishe madabodi kwa wingi. Kapasita yenye kichwa kilichovimba au uchafu wa kahawia mguuni itakupa mashine inayojizima ovyo, na hata upige Windows mara ngapi haitatulia.

Kitu cha pili ni betri ndogo ya mviringo, CR2032. Ikifa, kila ukichomoa waya wa umeme saa ya kompyuta inarudi mwaka ilikotoka kiwandani. Tazama kinachofuata: unafungua kivinjari, kila tovuti inakuambia muunganisho si salama, Google yenyewe imo. Mteja anadhani ni virusi. Fundi mvivu anapiga Windows upya na tatizo linabaki palepale. Kumbe kompyuta inaamini leo ni 2009, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kana kwamba bado havijaanza kutumika. Angalia tarehe pembeni mwa skrini kabla hujagusa jambo lolote.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu kwa wengi wetu ndilo jaribio kubwa kuliko yote.

XP ina ugonjwa ambao mafundi wa rika langu tunaujua kwa macho. Umeme unarudi, unawasha, skrini nyeusi inatoa maandishi meupe kwamba faili la \WINDOWS\SYSTEM32\CONFIG\SYSTEM halipo au limeharibika. Hilo ni sehemu ya rejista, hifadhi ya mipangilio yote ya Windows, na umeme uliondoka ikiwa inaandikwa. Inatibika: unaingia kwa CD ya XP kwenye Recovery Console, unanakili faili la akiba kutoka C:\WINDOWS\repair. Ubaya ni kwamba akiba hiyo kwa kawaida ni ya siku XP ilipowekwa, kwa hiyo mashine inaamka ikiwa imesahau programu na printa zote ulizoongeza baadaye. Ndiyo maana mafundi wengi hawahangaiki, wanafomati tu, na My Documents ya mtu inaondoka na maji.

Windows 7 inajitibu vizuri zaidi. Ina Startup Repair ndani ya diski yenyewe, haikudai CD, na ina kazi inayojiendesha ya kuweka nakala ya rejista mara kwa mara kwenye folda iitwayo RegBack. Nakala ya siku chache zilizopita ni jambo tofauti kabisa na nakala ya siku ya kuzaliwa.

Windows 10 imerudi nyuma kwenye hilo, na watu wachache wanajua. Kuanzia toleo la 1803 la mwaka 2018, Microsoft iliacha kujaza RegBack ili kuokoa nafasi ya diski. Folda unaikuta, mafaili unayakuta, lakini ukubwa wake ni sifuri. System Restore nayo mara nyingi unaikuta imezimwa. Juu ya hapo Windows 10 hupenda kufanya masasisho wakati wa kuzima, saa ambayo dukani kila mtu anataka kufunga aondoke, na mtu anazima soketi ukutani mashine ikiwa katikati. Mara nyingi itajirudisha yenyewe ilikokuwa, lakini kwenye diski ya kuzunguka unaweza kuiacha ikijirudisha ukaenda kunywa chai na kurudi.

Linux Mint hutumia mfumo wa mafaili wa ext4 ambao, kama NTFS ya Windows, huweka kumbukumbu ya kila badiliko kabla ya kulikamilisha. Umeme ukikatika, mara nyingi huwaka tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Siku itakapokataa itakuacha kwenye skrini nyeusi yenye neno (initramfs), na asiyeijua atadhani diski imekufa. Soma mistari iliyo juu yake: imekutajia sehemu ya diski iliyoumia, tuseme /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2, subiri imalize, andika exit. Imeisha. Ukiwa umewasha Timeshift siku ya kwanza, una pia nakala za mfumo za kurudia.

Kwenye umeme, basi, naiweka Windows 7 na Mint mstari mmoja, Windows 10 nyuma yao, XP mwisho. XP yenye diski ya FAT32, mfumo wa mafaili wa zamani usio na kumbukumbu hiyo ya mabadiliko, hata mwisho haifai. Bado zipo mashine za namna hiyo, na ukiikuta ibadilishe iwe NTFS kabla hujafanya lolote. Lakini niseme lililo kweli: UPS ya bei ya chini yenye betri nzima inafuta sehemu kubwa ya tofauti hizi zote. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu na anakaa mtaa wa mgao wa umeme anunue hiyo kwanza.

Flashi za watu

Mwenye steshenari au saiba anajua. Mteja analeta flashi, unafungua, unakuta folda zake zote zimegeuka vinjia vya mkato. Ukibofya kimoja, folda inafunguka kama kawaida, kumbe nyuma umeshakiwasha kirusi.

XP ndiyo iliyoteseka zaidi, kwa sababu ilikuwa inaifuata autorun.inf, faili dogo la amri lililo ndani ya flashi: kuifungua flashi kwa kubofya mara mbili kulitosha kukiwasha kirusi. Conficker, kirusi kilichoanza kusambaa Novemba 2008, kilifaidi sana njia hiyo. Microsoft walituma sasisho la kuizima tabia hiyo Februari 2011, lakini CD nyingi za XP zinazozunguka mtaani ni za SP3 ya 2008, na mashine ambayo haijawahi kuona intaneti haijawahi kupata sasisho hilo. Kwa hiyo ile hoja ya "XP yangu iko salama kwa sababu haina mtandao" ina tundu, na tundu lenyewe ni la USB.

Windows 7 ilizaliwa tabia hiyo ikiwa imezimwa kwa flashi. Haitakuokoa na kidole chako mwenyewe kinapobofya kinjia cha mkato, lakini angalau kirusi kinahitaji msaada wako. Windows 10 ina Defender ndani, inawadaka wengi wa virusi hawa wa zamani kabla hujabofya, na Microsoft walisema wataendelea kuilisha Defender orodha za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Kwenye Windows 7 watu wengi huku kwetu waliweka Smadav, ambayo kwa virusi vya flashi si haba, ila usiitegemee kwa jambo kubwa.

Mint hapa inacheza mchezo mwingine. Kirusi hiki huficha folda za mteja kwa alama za kuficha za DOS, na Linux haizijali alama hizo. Ukichomeka flashi ileile unaona kila kitu kwa pamoja: folda halisi ya mteja, vinjia vya mkato, na lile faili la .vbs lililokuwa limejificha. Unafuta takataka, unachapa kazi ya mteja, unamrudishia flashi safi. Wapo wenye saiba wanaoweka mashine moja ya Linux kwa kazi hii tu, kupokea flashi, na mimi naona ni akili.

Njia nyingine ya saiba za zamani ni Deep Freeze, inayorudisha diski ilivyokuwa kila ukiwasha upya. Hiyo ndiyo siri ya XP nyingi zilizoishi miaka kwenye saiba zikipitiwa na kila aina ya mtu. Ila mwanafunzi akihifadhi ripoti yake kwenye Desktop, umeme ukikatika imekwenda.

Kivinjari ndicho kinachozizika

| | Windows XP | Windows 7 | Windows 10 | Mint 22 Xfce |
|---|---|---|---|---|
| Ilitoka | 2001 | 2009 | 2015 | 2024 |
| Msaada wa kawaida uliisha au utaisha | 8 Aprili 2014 | 14 Januari 2020 | 14 Oktoba 2025 | 2029 |
| Chrome ya mwisho | 49 | 109 | bado inaendelea | bado inaendelea |
| Firefox ya mwisho | 52 ESR | 115 ESR | bado inaendelea | bado inaendelea |
| RAM ya kufanyia kazi kwa utulivu | GB 1 | GB 2 hadi 4 | GB 4 hadi 8, na SSD (diski isiyozunguka) | GB 4 |

Tazama mistari miwili ya Chrome na Firefox kwa makini kuliko mingine yote. Mfumo endeshi unaweza kukaa miaka bila masasisho na bado ukawaka kila asubuhi. Kivinjari hakiwezi. Tovuti hubadilisha namna ya kufunga mazungumzo yao, hutaka vyeti vipya, huandikwa kwa lugha ambazo kivinjari cha 2016 hakijawahi kuzisikia. XP yenye Chrome 49 leo ni mashine ya kuandikia tu. Maombi ya mkopo wa HESLB, iTax ya KRA, eCitizen, benki: usijisumbue. Kuna vivinjari vya watu wa kujitolea, kama Mypal na Supermium, vinavyojaribu kuirudisha XP mtandaoni. Vinafanya kazi kwa kiasi, nawaheshimu waliovitengeneza, lakini nywila ya benki siwezi kuiandika mle.

Windows 7 iko kwenye hatua ya katikati, na hii ndiyo inayodanganya watu. Tovuti nyingi bado zinafunguka, ila moja moja inaanza kukupa ukurasa mweupe au kukuambia usasishe kivinjari, na hakuna cha kusasisha. Mozilla wamerefusha maisha ya Firefox 115 kwa Windows 7 zaidi ya mara moja. Itumie hiyo badala ya Chrome 109, lakini usipange mipango ya biashara juu ya ukarimu huo.

Kuhusu usalama kuna hadithi moja inayosimuliwa vibaya. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliposhika kompyuta dunia nzima na kuzigomesha hospitali za Uingereza, lawama zote zilimwagiwa XP. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa sana ya mashine zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7, tena zikiwa bado ndani ya muda wa msaada. Sasisho la kuzuia lilikuwa limetolewa Machi, wenye mashine hawakuliweka tu. XP ilipopigwa ilielekea kuanguka na skrini ya bluu kabla ya kuwaambukiza wenzake. Kwa hiyo umri peke yake hautoshi kukuambia nani ataumia. Mashine yenye masasisho yaliyozimwa, na mafundi wengi huyazima kwa makusudi ili leseni ya bandia isigundulike, ni mzee hata ikiwa ya juzi.

Windows 10 ilifika mwisho wake Oktoba 2025, lakini ina mwaka mmoja wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026 kwa mashine zenye toleo la 22H2. Unajiandikisha kwa akaunti ya Microsoft ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwao, au unalipa dola 30. Windows 11 kwa mashine hizi ni ndoto: rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Ujanja wa kulazimisha upo, ila kwenye Core 2 Duo hata ujanja umekwisha, kwa sababu toleo la 24H2 linahitaji amri ya prosesa ambayo chipu hizo hazina, na haliwaki kabisa.

Lipo na suala la bando. Windows 10 ikiunganishwa na simu itapakua masasisho ya mamia ya megabaiti bila kukuuliza, na bando la wiki linaisha kabla ya saa sita. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao, uuweke muunganisho huo kuwa wa kupimwa. Fanya hivyo siku ya kwanza. Mint hukuonyesha masasisho na ukubwa wake, ikakusubiri wewe uamue.

Printa, modemu na vitu vya zamani

XP inashinda jambo moja waziwazi: vifaa vya umri wake. Printa ya pini ya Epson LX-300 kwenye tundu la LPT, skana ambayo kampuni yake iliacha kutoa madraiva zamani, mashine ya maabara iliyokuja na CD yake. Kama kifaa hicho ndicho kinachokulisha, muachie XP yake, mfungie mtandao, na uweke diski ya pili iliyonakiliwa nzima kabatini. Huo si uzembe, ni busara.

Windows 7 ya biti 32 hupokea vingi vya vifaa hivyo pia. Ya biti 64, na Windows 10 ya biti 64, hukataa madraiva yasiyo na saini, na hapo ndipo printa nzima inapogeuka kuwa kiti.

Mint inakushangaza pande zote mbili. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB inakupa intaneti papo hapo, wakati XP itataka draiva. HP nyingi zinaingia zenyewe, na Epson za tangi la wino kama L3110 zina draiva la kampuni. Halafu unakutana na Canon LBP2900, ile ndogo nyeupe iliyojaa kwenye steshenari za Afrika Mashariki, na hapo utaona moto. Draiva lake la Linux ni la kizamani na lina vituko, leo linachapa, kesho halisikii. Kama hiyo ndiyo printa yako ya kazi, baki Windows.

Programu nazo. QuickBooks Desktop na Tally, za mahesabu ya biashara, ni za Windows. Marejesho ya kodi ya KRA yanayojazwa kwenye Excel yenye makro yanamtaka mwenye Excel halisi. LibreOffice iliyomo ndani ya Mint inafungua nyaraka za Word vizuri, na imebeba fonti zenye upana sawa na Times New Roman ili kurasa zisihame; bado CV iliyopangwa kwa majedwali yaliyofichwa itakuja na mstari mmoja umeruka ukurasa wa pili, na mteja ataona. Kwa mwalimu anayetunga mitihani hilo si tatizo. Kwa anayechapa kazi za watu ni tatizo la kila siku.

Mashine ipi inaipokea ipi

XP kwenye mashine mpya kidogo hupiga skrini ya bluu yenye 0x0000007B wakati wa kuwekwa, kwa kuwa haina draiva la AHCI, njia mpya ya kuongea na diski; ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, ubadilishe diski iwe IDE, njia ya zamani. Haijui TRIM pia, amri ya kuiambia SSD nafasi zilizofutwa, kwa hiyo SSD ndani ya XP huchoka bila mtu wa kuisafisha. Windows 7 inaijua TRIM, lakini haina draiva la USB 3.0, na kuanzia Intel ya kizazi cha sita unafika kwenye ukurasa wa kuchagua lugha kibodi na mausi vikiwa vimekufa. Kwa ufupi, Core 2 Duo na i3 au i5 za kizazi cha pili hadi cha nne ndizo Windows 7 ilikozoea kuishi.

Windows 10 bila SSD usiikubali. Inawaka, ndiyo, halafu diski inakaa asilimia 100 ukiwa hujafungua hata programu moja, na kila mtu anasema kompyuta mbovu. Ukiweka SSD ndogo ya GB 120 na RAM ya GB 8, OptiPlex 7010 ya 2012 inakuwa mashine nyingine. Mint Xfce, yaani Mint yenye mwonekano mwepesi wa Xfce, ni nyepesi kuliko Windows 10, lakini usidanganyike na wanaosema itafufua GB 1. Mfumo utawaka, Chrome yenye kurasa tano haitawaka. Mashine ya biti 32 nayo sasa imebanwa: Mint ya kawaida iliiacha baada ya toleo la 19.3, na Debian 13 ya 2025 haiwekwi tena kwenye mashine hizo.

Leseni niiseme kwa ufupi. Stika ya Windows 7 Pro iliyo ubavuni mwa mashine ya mtumba ni leseni halali ya Windows 7. Zamani namba hiyo iliwasha hata Windows 10, ila Microsoft waliufunga mlango huo Septemba 2023. Kraki unayopakua kutoka kusikojulikana ni programu ya mtu usiyemjua uliyoipa ruhusa zote, kisha unashangaa kwa nini prosesa inachemka usiku.

Nani achukue ipi

Mashine ya kuchapa tu, au inayoendesha kifaa cha zamani, isiyoguswa na mtandao: XP SP3 au Windows 7 ya biti 32. Kati ya hizo mbili nachagua 7, isipokuwa kifaa chenyewe kikikataa.

Steshenari yenye printa ya Canon, kazi za Word za wateja na WhatsApp: Windows 10 22H2 kwenye SSD, ijiandikishe kwa mwaka wa nyongeza, na uanze kuweka akiba ya mashine ya kizazi cha nane. Hapa Windows 7 inavutia kwa wepesi wake na najua wengi watabaki nayo. Wakibaki, benki na M-Pesa za biashara zifanyikie kwenye simu.

Nyumbani, mwanafunzi, mwalimu, ofisi ndogo ambayo kazi yake yote iko ndani ya kivinjari: Mint Xfce, bila kusita. Maabara ya shule vilevile, na hapo faida ya flashi peke yake inatosha.

Anayetumia QuickBooks au Tally: Windows 10, UPS, na nakala ya mafaili nje ya mashine kila jioni.

Kama umevutwa na Mint ila una wasiwasi, usifute kitu. Iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au Etcher, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kuisakinisha, halafu fanya mambo matatu: chapa ukurasa mmoja kwa printa yako, unganisha simu yako kwa waya, na uingie kwenye ile tovuti unayoitumia zaidi. Spidi usiihukumu hapo, maana flashi ni polepole kuliko diski yoyote. Printa ikigoma, zima, chomoa flashi, na Windows yako utaikuta ilivyokuwa.